Kuunda mishale ya shabaha nyumbani: vifaa, ukataji, na hatua ya gundi inayowashinda wengi

Mshale wa dukani umekatwa kwa kipimo cha mtu asiyekujua. Ukiuunda mwenyewe, unaufuata mvuto wako, yaani umbali unaovuta upote wa upinde, na ukivunjika mmoja unatengeneza mwingine unaofanana na wenzake. Mwongozo huu ni wa mpiga shabaha anayetumia upinde wa rikavu, ule ambao ncha zake hujikunja kwenda mbele, na mishale ya kaboni. Kwa kompaundi, upinde wenye magurudumu kwenye ncha, kazi ya mikono ni ileile, ila chati ya ugumu ni nyingine.

Wano ni uti wa mshale ukiwa mtupu. Chembe ni kichwa cha chuma. Noki ni kile kipande cha plastiki kinachoshika upote.

1. Pima mvuto na uzito wa upinde

Weka mshale mrefu upindeni, vuta mpaka mkono utulie chini ya kidevu, na mwenzako atie alama ya makapeni kwenye wano, sawa na kiegemeo cha mshale. Kutoka alama hiyo ongeza inchi 2 kama bado unajifunza, inchi 1 kama umbo lako limeshatulia. Mvuto wa mwanafunzi hurefuka kadiri mgongo unavyozoea kazi. Wano likiwa fupi kuliko mvuto, huanguka nyuma ya kiegemeo na ukiachia upote linaweza kukuingia mkononi. Kwa hiyo ukisita kati ya vipimo viwili, chukua kirefu.

Uzito wa upinde ni nguvu inayohitajika kuuvuta, na namba yake iliyoandikwa kwenye mkono wa upinde hupimwa kwa mvuto wa inchi 28. Kila inchi ya kuzidi au kupungua hubadilisha takriban ratili 2. Usikisie, ning'iniza upinde kwenye mizani ya ndoano, ile ya kupimia mizigo, uvute hadi mvuto wako na usome.

2. Chagua ugumu wa wano

Namba ya ugumu huwachanganya wengi kwa sababu inakwenda kinyume: ndogo ni ngumu, kubwa ni laini. Inatokana na kipimo kimoja: wano huwekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, hutundikwa uzito wa gramu 880 katikati, kisha hupimwa limeshuka kiasi gani. Likishuka nusu inchi, ni wano la 500. Likishuka inchi nzima, ni la 1000. Fungua chati ya mtengenezaji wa mawano yako, si ya mtengenezaji mwingine, uingie na uzito uliopima na urefu uliopata. Wano refu hujipinda zaidi, na chembe kizito hulifanya lijipinde zaidi tena, kwa hiyo ukibadilisha kimoja, rudi kwenye chati.

Angalia pia uzito wote. Mishale hupimwa kwa greni, kipimo kidogo kuliko gramu. Wano la greni 7 kwa inchi lenye inchi 28 ni greni 196. Chembe cha 100, noki 8, manyoya matatu 9: jumla 313. Kwa upinde wa ratili 30 hiyo ni zaidi ya greni 10 kwa ratili, kiasi kizuri. Usishuke chini ya greni 5 kwa ratili hata siku moja. Mshale mwepesi mno huuachia upinde nguvu zote, karibu sawa na kuachia upote bila mshale, na mikono ya upinde hupasuka.

3. Vifaa vya kununua, na vya kuacha

Fedha yako ielekeze kwenye jigi ya kubandikia manyoya, kifaa kinachoshika mshale na unyoya mahali pake gundi ikikauka. Nunua ya chuma, ya mshale mmoja kwa wakati, yenye kibanio cha sumaku. Bitzenburger ya Marekani ndiyo inayodumu kuliko zote, ingawa bei yake inauma. Jigi za plastiki za mishale sita kwa pamoja huahidi kuokoa muda, lakini vibanio vyake havilingani, na utapata pembe sita tofauti kwenye mishale sita.

Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 inatosha, gramu 1 ni greni 15.43. Ongeza kalipa (kifaa cha kupimia unene), msasa laini, supaglu ya majimaji (ile ya jeli huacha uvimbe chini ya unyoya), gundi ya vijiti inayoyeyuka kwa moto mdogo, na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kupanda.

4. Kata

Kaboni haikatwi kwa msumeno wa chuma wala kikatio cha bomba. Nyuzi zake hupasuka kwa urefu, na ufa usiouona leo ndio utakaovunja mshale kwenye upote. Tumia disku nyembamba ya kusaga inayozunguka kwa kasi, huku ukilizungusha wano polepole dhidi yake. Vaa barakoa ya N95 na miwani, kata nje, na futa vumbi kwa kitambaa kibichi, usilipulize. Kisha paka mdomo wa wano rangi ya makapeni na uuzungushe juu ya msasa uliolala kwenye kioo. Rangi ikiisha sawasawa pande zote, mdomo umenyooka.

5. Chembe

Moto uende kwenye chembe, kamwe usiende kwenye wano. Kishike ncha kwa koleo, kipashe joto mpaka kijiti cha gundi kiyeyuke kikikigusa, paka, kisha kiingize huku ukikizungusha. Vidole vya mkono mwingine vishike wano karibu na mdomo: kama huwezi kuvumilia joto, na gundi inayoshikilia nyuzi za kaboni haitavumilia. Kikandamize juu ya ubao mgumu hadi kipoe, maana hewa moto iliyonaswa ndani hukisukuma nje.

6. Manyoya

Hapa ndipo saa zinapopotea. Unyoya ukibanduka siku ya pili, watu huilaumu gundi na kununua nyingine ya bei kubwa zaidi. Mara nyingi gundi haina kosa. Kosa ni mafuta: ya kiwandani juu ya wano, ya kiwandani chini ya unyoya, na ya vidole vyako juu ya vyote viwili.

Osha sehemu ya nyuma ya wano, kama inchi 5, kwa unga wa kusugulia sufuria kama Vim na maji. Suuza, kisha litazame kwa karibu maji yakitiririka. Yakitanda kama utando mmoja usiokatika, wano ni safi. Yakijikusanya kuwa matone, bado kuna mafuta, sugua tena. Jaribio hili la maji halidanganyi. Likikauka, lifute mara moja kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, na toka hapo lishike upande wa chembe tu. Asetoni iache kando: ikikaa huila gundi ya kaboni, na baadhi ya manyoya ya plastiki huyalainisha. Futa pia kitako cha kila unyoya ukiwa tayari umebanwa kwenye kibanio, ili usiuguse tena.

Noki iwe imeingia kabla ya kuanza, kwa sababu jigi hupima kila kitu kutoka kwenye mfereji wake. Unyoya wa kwanza, ule wa rangi tofauti, uwe pembe mraba na mfereji huo. Miwili inayofuata iko digrii 120 kila upande. Nyuma ya unyoya iachane na noki kwa inchi 1, vidole visiuguse. Ulaze kwa mshazari wa digrii 1 hadi 2, ili mshale uzunguke.

Sasa gundi. Mstari mmoja mwembamba kama uzi wa kushonea, kutoka mwanzo hadi mwisho wa kitako. Ikichuruzika pembeni umezidisha; supaglu nene hushika vibaya kuliko nyembamba. Shusha kibanio, kandamiza kwa sekunde 30 bila kukitikisa, subiri dakika moja, fungua midomo yake kwanza ndipo ukivute. Manyoya yote matatu yakishakaa, dondosha tone dogo mbele na nyuma ya kila moja, hasa mbele, ambapo unyoya huanza kubanduka mshale unapozama kwenye shabaha.

Supaglu hugandishwa na unyevu wa hewani. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika hushika upesi mno, na huacha ukungu mweupe kuzunguka unyoya. Ukungu huo haudhoofishi kitu, lakini ni dalili kwamba chumba kina unyevu au gundi imezidi. Chupa ihifadhi kwenye friji ndani ya mkebe uliofungwa, na itoe saa moja kabla, bila kuifungua mpaka ipoteze ubaridi. La sivyo mvuke utaingia ndani na kuigandisha.

Siku inayofuata, ujaribu kila unyoya kwa ukucha. Unaobanduka ung'oe wote na uanze tena kwenye kuosha. Gundi kuukuu ikwangue kwa kisu butu. Kikali hukata nyuzi za kaboni.

7. Noki na upote

Mshale ukiuning'iniza kwenye upote ubaki hapo. Ukiupiga upote kwa kidole, udondoke. Ukigoma, noki inabana.

8. Mishale mitupu

Acha miwili bila manyoya. Kwa umbali wa mita 18, piga mitatu yenye manyoya, kisha hiyo mitupu. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mitupu ikienda kushoto mishale ni migumu: weka chembe kizito zaidi. Ikienda kulia ni laini: punguza uzito wa chembe, au kata robo inchi kwa wakati, ukikumbuka kipimo cha hatua ya 1. Ikipiga juu ya mingine, pandisha alama ya noki kwenye upote. Ikipiga chini, ishushe. Badilisha kitu kimoja, piga tena.

Kabla ya kila mzunguko, kunja kila mshale kidogo mbali na uso huku ukiuzungusha, na usikilize. Ukilia, uvunje vipande viwili papo hapo, asije mwingine akauokota na kuupiga.