Unataka bima ilipie matibabu ya unene? Anza na karatasi

Jamani watu wa Mombasa, wengi wetu hukimbilia kwa daktari wa operesheni kwanza halafu ndo tunauliza kama kadi italipa. Anza na mkataba wako. Kama bima ni ya kazini waombe HR nakala nzima, usome sehemu ya mambo yasiyolipiwa, manake bima nyingi za kibinafsi hapo ndo huweka kupunguza uzito, na ikishaandikwa hivyo hata uwe na barua ya daktari gani kupita ni shida. Lakini sukari, presha, magoti, kukoroma mpaka pumzi zinakatika usingizini, hayo yaulizie moja moja, yanaweza kuwa na fungu lake.

Halafu ujue BMI yako, yaani kilo zako ugawanye kwa urefu mara urefu kwa mita. Mwenye kilo 98 na mita 1.65 yuko 36. Kuanzia 30 inahesabiwa unene wa ugonjwa. Kwa operesheni ya kupunguza uzito, kipimo cha tangu 1991 ni 40, ama 35 ukiwa na maradhi kama sukari, na 2022 madaktari wenyewe wakakishusha mpaka 35 hata bila maradhi mengine, sasa waulize bima yako wanafuata kipi.

Rekodi ndo kila kitu. Uwe unatibiwa Coast General pale Makadara ama hospitali ya kibinafsi, kila ukienda mwambie daktari aandike uzito, presha, dawa na lishe ulizojaribu, na unene wenyewe auandike kama ugonjwa, namba yake kwenye orodha ya magonjwa ni E66. Usione haya kumwambia, ni haki yako, na faili ya miezi mingi ina nguvu kuliko barua moja ya jana.

Sindano nazo, Ozempic ni ya sukari aina ya pili, Wegovy ni dawa hiyohiyo lakini ya uzito, kwa hivyo angalia ni ipi umeandikiwa. Usidanganye una sukari, tafadhali, wakigundua unaweza kubaki bila bima kabisa.

Wa SHA, ile iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hakikisha michango imelipwa na hospitali iombe kibali kabla hujalazwa.

Wakikataa, taka sababu kwa maandishi na kifungu walichotumia, daktari ajibu kifungu hichohicho. Bima ya kibinafsi ikikaza, peleka malalamiko IRA, wale wanaosimamia kampuni za bima, na nakala zote, originali ubaki nazo.