Kabla ya kumpa mgonjwa wa kisukari dawa ya majani, zitazame figo zake

Shangazi yangu wa Pangani alikunywa juisi ya mbirimbi, glasi nzima kila asubuhi, kwa wiki mbili. Jirani alimwambia inakata sukari. Miguu ikavimba, mkojo ukapungua, na alipopimwa, kreatinini, taka ya damu ambayo figo huitoa, ilikuwa imepanda mara tatu. Mbirimbi chache kwenye achari hazimsumbui mwenye figo nzima. Juisi yake ndiyo imejaa oksaleti, kemikali ya mimea inayoganda vijiwe vidogo ndani ya figo. Madaktari wa Kerala, India, nao wameripoti wagonjwa wa namna hiyo.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari. Tangu siku ile nimeacha kuuliza "unatumia dawa za kienyeji?", kwa sababu jibu huwa "hapana". Sasa nasema: "Shikamoo bibi. Siku ya kliniki niletee na zile za nyumbani tuzione pamoja." Huja na mfuko mzima.

Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, anza na maabara. Omba kreatinini ya damu, ambayo hutoa namba ya eGFR, yaani kasi ya figo kuchuja damu, na kipimo cha albumini, protini inayovuja kwenye mkojo. Figo inayoliwa na sukari haiumi, kwa hiyo usingoje maumivu. eGFR ikiwa chini ya 60, au albumini ikifika miligramu 30 kwa gramu ya kreatinini, na hali hiyo ikadumu miezi 3, figo zimeguswa. Andika namba hizo kwenye daftari pamoja na tarehe.

Siidharau mimea hata kidogo. Mwaka 1835 wakemia wa Ulaya walitoa florizini kwenye ganda la mizizi ya mtufaha. Baadaye ikaonekana kwamba inaifanya figo imwage sukari kwenye mkojo. Yenyewe haikufaa kumezwa, maana utumbo hauinyonyi vizuri na inaleta kuhara. Wataalamu wakaunda dawa zinazofanana nayo, mojawapo dapagliflozini. Utafiti wa mwaka 2020 wenye wagonjwa 4,304 wa figo, theluthi mbili hivi wakiwa na kisukari, ulionyesha kwamba figo kudhoofika sana, kufeli, au kifo cha figo au moyo viliwapata asilimia 9.2 ya walioimeza, na asilimia 14.5 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo mwulize daktari waziwazi: "Mama yangu anafaa kupewa dawa ya kundi hili?" Ukiuliza jambo moja tu siku hiyo, uliza hilo.

Sasa mfuko wa nyumbani. Manjano ya kwenye mchuzi sina ugomvi nayo, lakini vijiko vya unga wake kila siku vinaongeza oksaleti. Unga wa mlonge una potasiamu nyingi; figo dhaifu haiitoi vizuri, na anayemeza dawa za presha kama losartan au enalapril huibakiza zaidi, mpaka mapigo ya moyo yanavurugika. Uwatu na karela hushusha sukari, na vikikutana na kidonge cha sukari cha glibenklamidi mwilini mwa mwenye figo mbovu, sukari hushuka mno na mgonjwa anaweza kuzimia usiku. Chupa isiyo na jina la mmea usiiguse kabisa. Nyingine huchanganywa kwa siri na dawa za maumivu zinazoua figo.

Daktari akiridhia mmea mmoja, uwe huo mmoja tu, kwa kijiko kilekile, na vidonge vya sukari na presha visiachwe hata siku moja. Mkubaliane siku ya kurudia kreatinini na potasiamu. Mimi hupenda isizidi wiki mbili. Namba ikipanda, mmea unasimama siku hiyohiyo. Akivimba uso, akitapika, akikosa pumzi au mkojo ukipungua, usingoje siku ya kliniki: mpeleke hospitali na mfuko wake mkononi.