Kisu cha kwanza cha mtoto wa kambini: kijaribu kwa kidole gumba chake, si chako

Wiki mbili zilizopita dada yangu alinipigia simu akiwa Kariakoo, amesimama mbele ya meza ya visu. Mwanawe ana miaka tisa, anakwenda kambi ya skauti Lushoto likizo hii, na kwenye orodha ya vifaa wameandika kisu kidogo cha kukunja. "Kaka, nichukue kipi? Kuna kimoja kina mpaka kijiko na msumeno." Nikamwambia akirudishe mezani, aende zake nyumbani, Jumamosi tungekwenda watatu, na mwenye kisu akiwemo. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1: Mtoto yuko tayari?

Umri haunisaidii sana. Mpe kiazi na kisu cha jikoni, kaa pembeni. Akimenya huku akiangalia anachofanya, na ukisema "weka chini" akaweka papo hapo, twende hatua inayofuata. Kama ni mpaka umwambie mara tatu, kambi ya mwaka huu aende na kijiko.

Hatua ya 2: Ubapa mmoja, basi

Vile vyenye vifaa kumi na moja sivitaki hata kuviona. Ni vinene kwa kiganja cha mtoto, na akitafuta kisu atafungua kwanza kifungua soda, kisha kizibuo, kisha kitu ambacho hata muuzaji hakijui kazi yake.

Urefu: ubapa usizidi sana upana wa kiganja chake. Ncha: kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, iwe ya mviringo. Kamba hukatwa kwa makali, kijiti huchongwa kwa makali, na ncha kazi yake kubwa kwa umri huo ni kuchoma paja. Watengenezaji visu Opinel wana namba 7 ya watoto, ubapa sentimita 8, mpini wa mti, ncha imeviringwa. Victorinox nao wanacho cha watoto chenye ncha ya mviringo. Bei zake si za kitoto. Sisi tulichukua cha kawaida chenye ncha, nikaisaga mwenyewe kwenye kinoo mpaka ikawa kama ukucha. Ilinichukua kama dakika ishirini na maji kidogo.

Hatua ya 3: Springi na loki

Hapa usiwe na haraka, maana hapa ndipo nilipoumbuka mimi.

Kisu cha kwanza cha binti yangu nilikijaribu dukani kwa kidole gumba changu. Kikafunguka vizuri, nikalipa. Kambini, jioni ya kwanza, nikamkuta anakifungua kwa meno, kwa sababu springi ilikuwa ngumu na ukucha wake haukuweza kushika kile kijishimo cha kwenye ubapa. Nilipaswa kukichukua palepale. Sikukichukua. Usiku wa pili akakifunga huku vidole vinne vimezunguka mpini, springi ikavuta, ubapa ukashuka pwaa! Tukatembea na tochi kwenda zahanati, nyuzi nne kwenye kidole cha shahada, na tulirudi kambini jogoo anawika.

Kwa hiyo siku hizi dukani mimi sishiki kisu. Anashika mtoto. Mwombe muuzaji ruhusa, kaeni pembeni, afungue na kufunga mara kumi taratibu. Mara tatu za mwanzo si kipimo, maana anajikaza kwa sababu unamtazama. Mara ya nane kidole kimechoka, na hapo ndipo utaona ukweli wa ile springi. Akianza kugeuza kisu, kukibana kwenye goti au kukipeleka mdomoni, rudisha. Mpwa wangu alirudisha vitano. Cha tatu aliniuliza, "Mjomba, mbona hiki kinanivuta?" Jibu lilikuwa ndani ya swali.

Kufunga kuna namna moja tu ninayoifundisha: mpini ulale kiganjani, vidole vyote vitoke upande wa mfereji ambamo ubapa hulala, kisha kiganja cha mkono wa pili kisukume mgongo wa ubapa. Baadhi ya visu hutua kidogo nusu njia kabla ya kujifunga. Ukikipata cha hivyo, usikiache.

Kuhusu loki, yaani kizuizi kinachoshika ubapa usijikunje, watu hubishana sana. Kisicho na loki kinashikwa na springi peke yake, kwa hiyo mtoto akitoboa nacho kinaweza kumkunjikia vidoleni. Kwa kisu hicho amri ni moja: kukata tu, hakuna kutoboa. Loki ya kibati cha ndani, ile ambayo unasukuma kibati kwa kidole gumba huku ubapa ukishukia kidole hichohicho, kwa mtoto naikataa kabisa. Ya pete, kama ya Opinel, ambayo unazungusha pete ya kwenye mpini kuuzuia ubapa, naipenda, kwa sharti kwamba mtoto azoee kusema "pete" kwa sauti kila anapofungua, la sivyo ataisahau. Lakini ujue mpini wa mti ukinywa unyevu hufura na ubapa hukwama, na Lushoto unyevu upo. Hapo usivute kwa koleo. Legeza pete, gonga kitako cha mpini kwenye jiwe, ubapa utachomoza.

(Wenye wapwa Uingereza: huko kisu chenye loki hakibebwi hadharani bila sababu ya maana, hata kiwe kidogo namna gani.)

Hatua ya 4: Chuma

Kisichoshika kutu. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Kunoa ni kazi yako, na kisu butu usimpe.

Hatua ya 5: Mche wa sabuni

Kabla ya mti, mnunulie mche wa sabuni ya kufulia. Ni laini, na akikosea utaona kwenye sabuni jinsi mkono ulivyoteleza. Akae chini, viwiko juu ya magoti, achonge kwenda mbele. Kabla ya kufungua anyooshe mkono na kisu kilichofungwa, azunguke. Akimgusa mtu, anahama.

Hatua ya 6: Kisu kinalala wapi

Kwako. Binti yangu aliwahi kukisahau kwenye begi la shule, nikaitwa, nikaketi kwenye kiti cha darasa la tatu nikijieleza kama mtuhumiwa. Kifunge kamba nyekundu, kionekane kwenye majani, na kamba hiyo isivaliwe shingoni.

Mpwa wangu amemaliza mche mzima. Alikusudia mamba, imetoka ndala. Mabaki dada kayafulia.