Kuchagua baiskeli ya kruza ya kuendeshea mchanga wa Tabora

Mimi ni fundi cherehani wa Ng'ambo, hapa Tabora. Kutwa nimekaa. Magoti yalipoanza kukaza na presha kupanda, daktari akanishauri niendeshe baiskeli. Nikanunua ya kwanza niliyoiona: ya mtumba, nyekundu, tairi nyembamba, usukani wa kuinamia. Siku ya nne, njia ya Ipuli, gurudumu la mbele likazama mchangani, pindo la dera likaingia kwenye cheni, nikaenda chini na mfuko wa vitambaa vya wateja.

Inayotufaa watu kama mimi ni kruza. Tairi zake ni nene, usukani mpana unakurudia, unakaa umenyooka kama uko kwenye kiti cha sebuleni. Kampuni ya Schwinn ya Chicago ilianza kuuza baiskeli za tairi nene hizo mwaka 1933. Soma ubavu wa tairi: ukikuta 26 × 2.125, yaani kipenyo inchi 26 na upana inchi 2.125, ndiyo yenyewe. Upana huo ndio unaopita juu ya mchanga, na upepo usijaze hadi mwisho. Ukipungua kidogo tairi linatanuka na kushika vizuri zaidi. Mbigili itakutoboa tu, kwa hiyo tembea na bomba la upepo, viraka na solusheni.

Ukivaa gauni au dera, chukua fremu ya kike, yenye bomba la juu lililoshushwa, na usikubali isiyo na kava ya cheni. Madigadi ni lazima, masika yanakuja. Karia nayo iwe ya chuma, si ya urembo.

Usilipe kabla hujaikalia. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu ukinyooka, kiti kiko sawa, kwa sababu ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo goti litabaki limekunjika kidogo. Wengi wanashusha kiti ili nyayo zote mbili zikanyage chini wakiwa wamekaa. Nilifanya hivyo wiki mbili, magoti yakavimba kuliko mwanzo. Vidole vikigusa chini vinatosha. Kiti kiwe kipana chenye springi, maana ukikaa wima uzito wote unashukia makalioni.

Sasa breki, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Kruza nyingi haina waya wa breki nyuma. Unasimama kwa kukanyaga pedeli kinyume. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe, kisha rudisha pedeli. Lisimame papo hapo, bila mkwaruzo. Halafu chungulia upande wa kushoto, upande usio na cheni. Pale kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kuna mkono mfupi wa chuma unaofungwa kwenye fremu kwa kibano na boliti. Huo ndio unaoizuia habu isizunguke unapofunga breki. Niliyokuwa nimeipenda, mkono huo ulikuwa umefungwa kwa waya wa fensi.

"Mama, inashika tu hiyo," akasema muuzaji.

Nikamwambia, "Mwanangu, tia boliti ndipo nitoe hela." Akatia.

Cheni ikichomoka breki hiyo haipo tena, kwa hiyo hakikisha kuna breki ya mkono mbele. Na ndugu zangu wa Kigoma, kule kwenye vilima msichukue ya breki ya pedeli peke yake. Miaka ya 1970 vijana wa California walizishusha kruza kuukuu kutoka Mlima Tamalpais, habu zikapata moto mpaka grisi ikaungua. Ninyi tafuteni yenye gia 3 au 7 na breki za mkono mbele na nyuma. Kruza ina kilo 15 hadi 20, na kuipandisha kilima bila gia ni adhabu. Tabora ni tambarare, gia moja inanitosha.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki. Mimi naendesha nusu saa siku 5, alfajiri, kabla sijafungua kibanda. Nilianza na dakika 10. Mwendo uwe wa kukuwezesha kumsalimia jirani na kumaliza salamu, ila ukijaribu kuimba pumzi zikatike. Kama unatumia dawa za presha au moyo, muulize daktari wako kwanza.

Jumapili naenda hadi Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, nakunywa maji kivulini, narudi. Nikifika nyumbani nafuta mchanga kwenye cheni kwa kitambaa kikavu kabla ya kutia oili, maana oili juu ya mchanga inakuwa msasa. Vipande vya khanga vinavyobaki mezani kwangu vinafaa sana kwa kazi hiyo.