Ukona sukari na umejikata mguu? Usingoje mpaka uanze kuuma

Kitu cha kwanza, kama ukona ugonjwa wa sukari na umekanyaga chupa, au kiatu kimekuchubua kisigino, au umejigonga kwa jiwe kidole kikatoa damu kidogo, usijiulize kama inauma ama haiumi. Hapo ndio watu wetu wengi wanapotea. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu ya miguu, mguu unakufa ganzi, alafu mishipa ya damu nayo inazibazibana, sasa unapata mzee ametembea na msumari ndani ya sapatu kutoka asubuhi mpaka jioni na hajui lolote, mpaka mjukuu ndio anamwambia jajja mbona unaacha damu kwa sementi. Na juu damu inafika kidogo, na askari wa mwili wanachoka sukari ikiwa nyingi, kile kidonda ambacho kwa jirani kingepona siku tatu kwako kinaweza kukaa miezi.

Kwa hivyo kidonda kidogo unakishughulikia siku hio hio, hata kama ni kamstari tu.

Kaa chini kwanza. Nawa mikono na sabuni, alafu mimina maji safi juu ya kidonda, yawe yanatiririka, kama hakuna bomba chukua kikombe na yale maji ya kunywa uliyochemsha yakapoa, mimina polepole mpaka mchanga wote utoke. Sabuni ya kawaida inatosha. Usitumbukize mguu ndani ya beseni ukauloweka, ngozi inalegea na uchafu unarudi palepale ulipotoka. Na kukanda na maji ya moto, hapana kabisa! Mguu wenye ganzi hausikii moto, utaungua na utaona malengelenge kesho yake. Hata maji ya kuoga yajaribu na kiwiko cha mkono, usijaribu na mguu.

Sasa vitu ambavyo watu wanapaka, hapa naomba mnisikilize vizuri. Dawa ya meno, majivu, mafuta ya breki kutoka gereji, spiriti, na yale majani ya kishona nguo ambayo wengine wanaita sere. Najua tumekua nayo, ukijikata na jembe shambani mama anayafikicha kwa viganja anaweka na damu inakata, lakini majani hayo yametoka chini kwa udongo, na vidudu vya udongo ndio hutaki kabisa viingie kwa mguu wa mtu wa sukari. Spiriti na zile dawa kali zinazotoa povu zinachoma hata nyama mpya inayojaribu kuota. Na kuna hii ya kufungua kapsuli na kumwaga unga juu ya kidonda, karibu kila nyumba inafanya. Unga ule umetengenezwa umezwe. Juu ya kidonda unakauka unafanya gaga gumu, kwa juu unaona kimekauka unafurahi, kumbe chini yake usaha unatembea.

Ukishaosha, kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, usisugue. Weka shashi, ile nyeupe ya duka la dawa iliyofungwa kwa paketi yake, shika na plasta kidogo. Usizungushe plasta kidole chote ikakaba, damu yenyewe tayari inafika kwa shida. Kila siku fungua, angalia, osha, weka ingine, na ikilowa badilisha saa hio hio. Lengelenge usilitoboe, lifunike tu lipasuke lenyewe likitaka. Sugu usikate na wembe, na zile dawa za kuyeyusha sugu zina asidi, zinakula mpaka ngozi nzima. Funza pia, usichokoe na pini, enda wakutolee kwa kituo cha afya na vifaa safi.

Alafu kuna kazi ngumu kuliko zote, kupumzisha mguu. Kidonda cha unyayo hakiponi ukikikanyaga, hata uweke dawa ya bei gani, kila hatua inafinya ile nyama mpya inakufa. Najua mama anayeuza nyanya soko la Owino hawezi kukaa nyumbani wiki mbili, na dereva wa lori kwenye foleni ya mpakani Malaba hawezi kuacha mzigo wa watu. Lakini tafuta kiti, mtoto akimbie badala yako, panda boda hata kwa safari fupi (na ukishuka kaa mbali na ekzosi, inaunguza mguu na wewe usijue). Dereva naye, sakafu ya kabini inapata moto wa injini, usikanyage pekupeku.

Pima sukari siku hizo mara nyingi kuliko kawaida. Kidonda kikiingiwa na vidudu sukari inapanda, na ikipanda kidonda kinazidi, ni vitu viwili vinasukumana. Usiache vidonge wala insulini eti juu umepunguza kula, uliza daktari kwanza.

Kuangalia nako kuna ujuzi wake. Watu wanaambiwa waangalie wekundu, lakini kwa ngozi yetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, unaona tu mahali pamekuwa peusi zaidi, pamevutika panang'aa, au pana joto. Weka mgongo wa mkono hapo, alafu weka kwa mguu ule mwingine palepale, linganisha. Chora mpaka wa uvimbe na kalamu ya biki, kesho uone kama umevuka. Piga picha na simu kila asubuhi.

Kama siku moja au mbili zimepita na huoni nafuu, enda hospitali. Na kuna zile ambazo huzingoji hata usiku mmoja: usaha, harufu, ngozi kuwa nyeusi, uvimbe unaopanda, homa au kutetemeka, kidonda kirefu cha kwenda ndani, msumari uliochoma, kuumwa na mnyama, kuungua, au sukari kukataa kushuka. Msumari hasa, kitundu chake kwa juu kinajifunga haraka na wewe unadhani kimepona, uliza pia sindano ya pepopunda. Na mguu ukivimba wenyewe na kupata joto bila kidonda chochote, usiseme nimeteguka, mifupa ya mguu wa sukari inaweza kuvunjika kimyakimya ndani, acha kuukanyaga na enda leo. Kituo cha afya kikishindwa wakupe barua ya hospitali ya rufaa, Mbale, Jinja, Arua, popote uko karibu, na Kampala kuna kliniki ya sukari kwa hospitali ya Mulago. Ukifika vua viatu vyote viwili uonyeshe miguu hata kama daktari hajauliza.

Viatu: vikung'ute kabla ya kuvaa na pitisha mkono ndani. Lugabire zile za tairi zimeshikwa na misumari, sole ikiisha misumari inatokea juu, mimi nasema mtu wa sukari asizivae. Nunua kiatu jioni mguu ukiwa umevimba kidogo. Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku, tukaushe katikati ya vidole kila mara, hapo ndio kunachanika kwanza.

Na kama hujui mguu wako umekufa ganzi ama bado, pima leo usiku. Lala ufumbe macho, mtu wa nyumbani akuguse na ncha ya kidole chake polepole sana, bila kufinya, sekunde moja au mbili tu, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na kile kidogo cha mwisho, mguu huu alafu huu, jumla vidole sita. Wewe sema kila ukisikia umeguswa. Usiposikia viwili au zaidi, upeleke huo mguu kliniki wiki hii, hata kama hauna kidonda.