Maneno Mafupi ya Kiingereza Yenye Jozi QA: Mwongozo kwa Mchezaji wa Scrabble Anayejua Kiswahili

Katika Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, kuna vigae 100, na kati ya hivyo kigae cha Q ni kimoja tu, chenye thamani ya pointi 10. Vigae vya U, ambavyo wachezaji wengi huvisubiri kabla ya kuthubutu kuitumia Q, ni vinne. Vya A ni tisa. Hesabu hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwa nini mtu anayeijua jozi QA hukaa mezani kwa utulivu kuliko anayeijua QU pekee. Mimi nilichelewa kuielewa: mpinzani wangu alimaliza vigae vyake nikiwa bado nimeishikilia Q, nikakatwa pointi 10 naye akaongezewa 10, na mchezo niliokuwa ninaongoza kwa pointi 13 ukanitoka. Kabla ya hapo A nilikuwa nayo, na T nilikuwa nayo: zingetosha kuandika QAT.

Hatua ya kwanza: elewa kwa nini QA ipo.

Kiingereza cha kale hakikuitumia QU. Neno ambalo leo huandikwa QUEEN liliandikwa kwa CW mwanzoni. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi walizoea tahajia ya Kifaransa, na Q ikafungwa pingu na U. Kwa hiyo karibu kila neno la Kiingereza ambalo Q yake haifuatwi na U limetoka katika lugha nyingine, na mengi ya yale yenye QA yametoka katika Kiarabu, ambako Q inasimama badala ya herufi qaf. Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapokuwa na mtaji ambao Mwingereza hana. Kiswahili pia kiliazima maneno yenye qaf, ila kwa kuwa alfabeti yetu haina Q, tuliyaandika kwa K. Kinachohitajika ni kuirudisha K mahali ilipotoka.

Hatua ya pili: anza na maneno mawili yenye herufi zilezile.

Chukua vigae vya Q, A, D na I, uvipange mezani. Ukiandika QADI, umeandika kadhi, yaani hakimu wa sheria ya Kiislamu. Sasa badilisha nafasi za D na I, upate QAID, yaani mkuu au gavana wa eneo katika nchi za Kiislamu za Afrika Kaskazini. Vigae ni vilevile vinne, jumla ni pointi 14 kwa kila neno kabla ya kuhesabu miraba ya pointi za ziada, lakini maana ni mbili tofauti, na uzuri wake ni kwamba ukikosa nafasi ya moja ubaoni huenda ukapata ya nyingine. Jihadhari usiiunganishe QAID na neno letu kaidi. Yanafanana sikioni, lakini mzizi wa kaidi ni mwingine kabisa, na ukilikariri kwa njia hiyo utajikuta unatoa maana ya mtu mbishi pale unapoulizwa maana ya kiongozi. QADI nayo ina ndugu wawili wanaokubalika, CADI na KADI, na hili la mwisho humchekesha kila Mswahili anayeliona kwa mara ya kwanza, kwani halihusiani na mwaliko wa harusi.

Hatua ya tatu: jifunze QAT kwa kulitazama ubaoni.

QAT ni miraa, au mirungi kama wengine wanavyoiita: majani na vichipukizi vinavyotafunwa. Huandikwa pia KAT na KHAT. Thamani yake ni pointi 12, kiasi ambacho hakitishi; faida yake iko katika kuweka. Tafuta neno AT lililokwisha kuwekwa ubaoni, likiwa na mraba mtupu mbele yake. Ukiweka Q peke yake hapo, tayari una QAT kwa kigae kimoja. Ikiwa mraba huo ni wa herufi mara tatu, Q inakuwa 30, na neno zima linakuwa 32. Vivyo hivyo kwa AID, ambalo ni neno la kawaida la msaada: Q mbele yake huzaa QAID, na katika mraba huohuo wa mara tatu utahesabu 34. Tangu nilipozoea kuzichunguza AT na AID kila ninapoichota Q, ni mara chache sana nimebaki nayo hadi mwisho.

Hatua ya nne: yaongeze yale ya herufi tano.

NIQAB ni nikabu, kitambaa kinachofunika uso na kuacha macho, nayo ina pointi 16. BURQA, yenye pointi 16 vilevile, ni vazi linaloufunika mwili pamoja na uso. Asili yake ya Kiarabu ndiyo iliyotupa neno barakoa, hivyo ukilikumbuka moja utalikumbuka na jingine. Angalia kwamba U imo ndani ya BURQA, lakini imekaa mbele ya R wala haiifuati Q. QAPIK ni sehemu ya mia ya manat, fedha ya Azerbaijan, na K yake inalifikisha neno kwenye pointi 20.

QANAT halina jamaa katika Kiswahili cha kila siku, kwa hiyo inabidi likaririwe kwa picha. Ni mfereji uliochimbwa chini ya ardhi kwa mteremko mdogo, unaoyatoa maji kwenye miinuko na kuyapeleka mashambani bila pampu, huku visima vya wima vikiwa vimepangwa juu yake kwa ajili ya hewa na kutolea udongo. Mifereji 11 ya namna hiyo nchini Iran iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2016.

Hatua ya tano: usiivute kamba kupita kiasi.

Si kila K yetu yenye asili ya qaf inageuka QA kwa Kiingereza. Kahawa ilitokana na qahwa, lakini Kiingereza kiliipokea kupitia Kituruki na Kiholanzi, ikawa COFFEE. Kwa hiyo Kiswahili kikusaidie kukumbuka maana, ila uhalali wa neno uuthibitishe katika orodha mnayoitumia, kwa kuwa ile ya Marekani na Kanada hailingani na ile ya sehemu nyingine nyingi. Wingi hauna shida kwa majina haya niliyoyaeleza: QATS, QADIS, QAIDS, NIQABS, BURQAS na QANATS huundwa kwa S ya kawaida.

Lipo pia QAJAQ, mtumbwi mwembamba wa watu wa Aktiki, lenye Q mbili. Kwa kuwa mfukoni mna Q moja tu, ya pili ni lazima iwe kigae kitupu, ambacho husimama badala ya herufi yoyote lakini hakina pointi, na neno zima linabaki na 20. Mimi binafsi sijawahi kukitumia kigae kitupu kwa kazi hiyo.