Mtanzania, Kabla Hujapanda Basi na Wenzako Wapya wa Kisumu

Watu wa Kisumu na watu wa Mwanza wanaishi kando ya ziwa moja, wanakula samaki wale wale, na Kiswahili chao kinaeleweka pande zote mbili. Ndiyo maana Mtanzania aliyepata kazi Kisumu haoni la kujiandalia wenzake wapya wanapopanga matembezi ya ofisi. Mimi naona yeye ndiye anayehitaji kujiandaa kuliko wote. Mzungu akikosea watu husema hajui; Mtanzania akikosea husemwa anaringa.

Chanzo chake ni adabu yenyewe. Kwenu mtu mwenye heshima husubiri aulizwe. Hapa anayekaa kimya kwenye kundi la WhatsApp wakati safari inapangwa huhesabiwa kuwa amekubali kila kitu, au kwamba hataki kuchangamana. Nao wenzako watakuambia "leta chumvi" na "nipe hiyo chaja" bila "naomba" wala "samahani", na hawajakasirika hata kidogo. Basi sehemu kubwa ya maandalizi ni kusema na kuuliza mapema.

Uliza siku kwanza. Matembezi mengi hupangwa Jumamosi, na Jumamosi ya Nyanza, yaani eneo hili la Kisumu na jirani zake, ina wenyewe. Waadventista Wasabato walianzisha misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na kanisa lao limeota mizizi eneo zima. Kwa Msabato, siku hiyo huanza Ijumaa jua linapotua, na haiguswi hadi jua la Jumamosi litue. Jumamosi pia ni siku ya mazishi. Mwenzenu akifiwa, safari inaweza kuahirishwa, na mchango wa matanga ukapitishwa kwenye kundi lile lile mliloanza kuchangia nauli. Usinung'unike. Toa hata kidogo, na ukipata nafasi uandamane nao hadi kijijini. Kwa maoni yangu, kufika kwenye mazishi hayo kutakufanya mwenzao haraka kuliko matembezi yoyote.

Kuhusu pesa, mweka hazina ataweka orodha ya majina kundini na kumtia alama kila aliyelipa. Jina lako likibaki bila alama, wote wataliona. Hiyo si njia ya kukuaibisha. Ndivyo hesabu zinavyowekwa wazi. Sajili laini ya Safaricom kwa jina lako na uwashe M-Pesa mapema, kwa sababu karibu kila kitu hulipwa hivyo. Kisha uliza mchango unagharamia nini: usafiri, kiingilio, chakula? Bia mara nyingi kila mtu hujinunulia. Kama hunywi, sema "sinywi" mara moja uagize soda. Huna haja ya kutoa sababu.

Kama mnakwenda Hifadhi ya Ziwa Nakuru au mbuga nyingine ya serikali, mwambie mratibu kwamba wewe si raia wa Kenya. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lina viwango tofauti kulingana na uraia na ukaazi, na malipo hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si kwa noti mkononi. Asipojua, huenda akakuhesabu kimakosa, halafu langoni kundi zima lisimame juani hesabu zikirekebishwa kwa ajili yako. Beba pasipoti na kibali chako cha kazi. Usibebe maji kwenye chupa za plastiki za kutupa: tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi, misitu na fukwe zilizolindwa. Chukua na sweta. Kisumu ni joto, lakini barabara ya Nakuru hupitia nyanda za juu za Kericho, na asubuhi huko kuna baridi kali.

Mkibaki Kisumu, huenda mkaishia Dunga, ufukweni mwa ziwa. Samaki ataletwa mzima na kichwa chake, pamoja na ugali mkubwa na mboga, nanyi mtanawa na kula kwa mkono. Hapo mtu wa Mwanza yuko nyumbani. Nyama choma ndiyo inayohitaji maelezo. Huagizwa kwa kilo, ikaletwa kwenye ubao, ikakatwakatwa, ikawekwa katikati na chumvi na kachumbari, na kila mkono ukachukua hapo. Ukingoja sahani yako utalala njaa, na wenzako watadhani umekinai. Kama unakula halali tu, sema siku kadhaa kabla, na uulize iwapo nguruwe huchomwa kwenye jiko lile lile. Jambo hilo haliwezi kutatuliwa mkiwa mmeshaketi mezani. Kwa mashua vaa jaketi la usalama hata wenzako wakilidharau. Viboko wapo, na kichocho unakijua.

Sasa utani. Hapa nakusihi uwe makini kuliko popote. Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kutaniana hata msibani bila mtu kuumia, nawe huenda umezoea kumuuliza mtu kabila lake kama unavyomuuliza alikosoma. Kenya swali hilo lina uzito mwingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao, na Kisumu na Nakuru ni kati ya miji iliyoumia sana. Ndani ya basi lenu anaweza kuwamo mtu ambaye familia yake ilifukuzwa Nakuru Januari 2008, na safari yenyewe inaelekea huko huko. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria inayofanya uchochezi wa chuki za kikabila kuwa kosa la jinai.

Utawasikia Waluo na Waluhya wakichokozana njia nzima, kuanzia mapenzi ya Waluhya kwa kuku hadi timu zao za soka, Gor Mahia na AFC Leopards. Cheka nao, lakini usiongeze lako. Wana miaka mingi ya kujuana, wanajua mpaka uko wapi. Mzaha wa jando usiuguse kabisa, maana umetumika sana kwenye siasa kuwatusi Waluo, ambao kimila hawakuwa na jando. Siasa nazo, sikiliza tu. Ukibanwa useme unamuunga nani, jibu kwamba hupigi kura hapa, kisha uulize juu ya Kisumu yenyewe, jambo ambalo watalizungumzia kwa furaha hadi mfike.

Jiandae pia kusimama. Kabla ya chakula mtu atasema, "Mgeni wetu atusalimie," na macho yote yatakugeukia. Jina, ulikotoka, kitengo unachofanyia kazi na shukrani kwa walioandaa vinatosha. Usishangae wakianza kukuita Ja-Mwanza, au Nyar Mwanza ukiwa mwanamke. Waluo humwita mtu kwa kwao, na ni dalili kwamba wamekupokea. Huenda ukaombwa pia kuongoza sala. Kama hujazoea kusali mbele za watu, au dini yako ni tofauti na ya wengi wao, mnong'oneze mratibu asubuhi ili amteue mwingine. Atakuelewa bila kuuliza zaidi.